Kofia ya Tangi

Kila siku Mama Pacha alishona barazani kwake. Mguu ulikuwa kwenye cherehani, lakini sikio lilikuwa barabarani. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Alibeba matofali kutoka kiwandani na kuyapeleka juu mlimani, ambako watu walikuwa wanajenga nyumba mpya.

Zamani mke huyu hakuwa na wasiwasi. Mumewe alikuwa dereva mzoefu, tena hanywi. Lakini siku hizi lori lilikuwa na ugonjwa. Lilizimika njiani. Halikuzimika sokoni wala kwenye tambarare. Lilizimika mlimani, likiwa na mzigo. Likikaa kidogo linawaka tena, utadhani halikufanya kitu. Majirani walilipa jina la Bi Harusi, kwa sababu lilikwenda hatua mbili likasimama. Walicheka sana. Mama Pacha alicheka nao, ila kicheko chake kiliishia mdomoni.

Alijua jambo ambalo wale waliocheka hawakulijua. Lori lile lilikuwa la zamani na breki zake zilitumia upepo. Upepo huo hutengenezwa na injini. Injini ikizimika, upepo uliobaki kwenye mtungi ndio huo huo. Dereva akikanyagakanyaga breki, unaisha. Usukani nao unakuwa mzito. Mumewe alimweleza hayo siku moja wakila. Baada ya kueleza, hakumaliza chakula chake.

Jioni moja utingo, yule msaidizi wa dereva, alifika barazani. Alikuwa amebeba gogo la pembe tatu. Akaliweka chini, karibu na cherehani.

"Mama Pacha, nimekuja kukabidhi."

"Kukabidhi nini tena?"

"Kazi. Gari likizimika, mimi ndiye ninayeruka na kuweka gogo hili chini ya tairi. Leo tairi limepita karibu na vidole vyangu, hivi." Alionyesha nafasi ndogo kati ya vidole viwili. "Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nimechagua kicheko."

Baba Pacha alitoka ndani, taulo begani. "Ndugu yangu, kesho nina mzigo! Nitampata nani?"

"Samahani, bosi. Hata ukinibembeleza kwa ngoma, sipandi."

Utingo akaenda zake. Mume na mke wakabaki wanalitazama gogo.

"Nitakwenda mimi," Mama Pacha alisema.

"Wewe? Wewe ni fundi wa nguo!"

"Kuweka gogo kuna chuo?"

Mumewe alianza kucheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

"Baba Pacha, nimechoka kukaa hapa nikisikiliza barabara. Ukipata mabaya kule, mimi niko hapa napinda suruali za watu, nitajisamehe vipi?"

Asubuhi wakawapeleka watoto wao pacha kwa bibi yao, wakaondoka.

Kwanza walipita kituo cha mafuta. Baba Pacha alifungua kufuli lililokuwa kwenye kofia ya tangi. Kofia hiyo aliishona Mama Pacha mwenyewe. Wezi walikuwa wakinyonya dizeli usiku pale maegesho ya malori. Basi yeye alichukua mpira wa ndani wa tairi kuukuu, akaukunja mara mbili, akaushona kwa uzi wa nta. Kofia ilifunika kifuniko chote cha tangi na kubana shingo yake kwa kamba na kufuli. Mumewe alipoijaribu mara ya kwanza alimsifu, "Imebana, mke wangu. Hata hewa haipiti!" Madereva wengine waliiona, wakaagiza za kwao. Hata mdogo wa mumewe, yule waliyemwita Mbio kwa kupenda haraka, alikuwa amechukua yake jana.

Baba Pacha alipozungusha kifuniko, tangi lilifanya fyuuu.

"Hiyo ni nini?" Mama Pacha aliuliza.

"Joto tu. Linapumua." Akamwambia mhudumu, "Jaza mpaka juu kabisa." Kisha akamgeukia mkewe. "Nadhani tangi likipungua, injini inanyonya hewa. Ndiyo maana siku hizi najaza pomoni."

"Na inasaidia?"

Alikuna kichwa. "Kusema kweli, shida imezidi."

Mlima ulianza taratibu, kisha ukasimama kama ukuta. Upande mmoja kulikuwa na mwamba. Upande wa pili kulikuwa na korongo. Baba Pacha alipunguza gia, akapunguza tena. Mama Pacha alishika mlango kwa mkono mmoja na gogo kwa mkono wa pili. Alitamani kuomba dua, lakini maneno yalimpotea.

Walipofika kwenye kona kali, injini ilikohoa. Ikapata nguvu. Ikakohoa tena.

"Baba Pacha!"

"Nasikia!"

Nguvu zikaisha kidogo kidogo, kisha kukawa kimya. Kimya kile kilimwogopesha kuliko kelele yoyote.

"Ruka!" mumewe alipiga kelele. "Gogo! Gogo!"

Aliruka. Kiatu kimoja kilibaki ndani. Alikimbia mpaka nyuma kabisa ya lori na kuinama. Tairi lilikuwa linakuja. Lilikuja polepole sana, huku mawe madogo yakipasuka chini yake. Alisukuma gogo kwa mikono miwili, akajitupa pembeni. Tairi likapanda gogo kidogo, likatulia.

Alibaki amekaa kwenye vumbi. Matofali yalikuwa juu ya kichwa chake, mengi kama nyumba nzima. Mumewe aliteremka na kumshika mabega. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Uko mzima? Sema neno."

"Nipo," alisema, kisha akalia waziwazi bila aibu.

Walipumzika. Kisha Baba Pacha akazungusha ufunguo, na lori likawaka mara moja. Lilipanda mpaka juu kama mwana mtiifu. Huko kileleni, kabla ya viwanja vya ujenzi, palikuwa na gereji moja.

"Simama hapa," Mama Pacha alisema. "Sishuki mlima huu ndani ya gari hili mpaka nijue linaumwa nini."

"Tumebadilisha filta. Tumebadilisha pampu. Nozeli za kupulizia mafuta zimeoshwa."

"Nani alisema pampu ni mbovu?"

"Fundi alikisia."

"Basi leo hatukisii."

Mwenye gereji alikuwa mwanamke wa makamo, aliyevaa ovaroli iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi. Watu walimwita Fundi Pole, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Alitazama lori, akatazama mguu wa Mama Pacha usio na kiatu.

"Nani anaweka gogo?"

"Mimi."

"Unasimama wapi unapoweka?"

"Nyuma ya tairi."

"Mwanangu, usirudie! Lori likirudi, wewe ndiye utakuwa gogo. Simama ubavuni, sukuma gogo kwa mti mrefu au kwa mguu, uwe tayari kukimbia. Nyuma ya lori si mahali pa mtu." Kisha akamwona Baba Pacha anatafuta kiberiti. "Na wewe weka hiyo sigara. Hapa tunafungua mafuta."

Walifunga breki ya mkono, wakaweka magogo kwenye matairi ya mbele na nyuma. Baba Pacha alisogeza sanduku la spana. Fundi Pole hakuligusa. Alikaa juu ya ndoo.

"Niambieni kwanza. Linazimika ghafla, kama mtu amezima taa, au linachoka kwanza?"

"Linachoka kwanza," walijibu pamoja.

"Lingezimika ghafla, ningeanza kutazama nyaya. Likichoka, nadhani lina njaa. Mafuta hayafiki. Moshi?"

"Hakuna moshi mwingi."

"Baada ya kupumzika linawaka bila shida?"

"Bila shida kabisa."

"Tangi likiwa limejaa, na likiwa nusu, lini linasumbua zaidi?"

Baba Pacha alionekana kuona haya. "Likijaa. Najua haileti maana."

"Italeta maana," alisema Fundi Pole. "Tusiruke hatua."

Alifungua koki iliyo chini ya filta, akakinga mafuta kwenye chupa safi. Akaiacha itulie. "Maji ni mazito kuliko dizeli. Yangekuwepo, tungeyaona chini. Uchafu pia." Chini hapakuwa na kitu. Akapangusa viungo vyote vya bomba kwa kitambaa kikavu, akavitazama kimoja kimoja. Hapakuwa na unyevu. Akalegeza skrubu juu ya filta, akabonyeza pampu ndogo ya mkono. Dizeli ilitoka safi.

"Bomba lingekuwa linanyonya hewa, hapa pangetoka mapovu. Hakuna. Basi ugonjwa umejificha. Hatuwezi kuutafuta gari likiwa zima. Washa, ukanyage mafuta, tungoje."

Wakangoja. Injini ilinguruma muda mrefu. Mama Pacha alisimama mbali, ameshika kiatu chake kilichookolewa. Sauti ilipoanza kukatika, nywele zilimsimama, ingawa lori lilikuwa kwenye tambarare na limezuiwa kila upande. Injini ikakohoa na kuzimika.

"Msifungue kitu!" Fundi Pole alisema. Alibonyeza tena pampu ya mkono. Safari hii kitufe kilizama chini, kikakataa kurudi juu. Akawaonyesha mpira unaotoka kwenye tangi. Ulikuwa umenywea.

"Umeziba!" Baba Pacha alisema. "Kuna uchafu!"

"Inawezekana. Kuna wakati kipande cha nailoni kinaelea ndani ya tangi. Kinanyonywa kwenye mdomo wa bomba, na injini ikizimika kinaachia. Tutatazama. Lakini kuna jambo rahisi zaidi, na mimi huanza na rahisi. Mkifungua tangi mnasikia nini?"

"Fyuuu," alisema Mama Pacha.

"Hewa ya moto inatoka," aliongeza mumewe.

"Inatoka?" Fundi Pole alimkaribia Mama Pacha, akachomoa kipande cha uzi kilichonata kwenye mkono wa gauni lake. "Fundi nguo hakosi uzi. Haya, shika karibu na mdomo wa tangi. Bwana, fungua kofia, legeza kifuniko. Taratibu."

Fyuuu. Uzi haukupepea nje. Ulivutwa kuelekea tangini, ukajibana kwenye ufa wa kifuniko. Na pale chini, ule mpira ulionywea ukajaa tena.

"Hewa haitoki," Baba Pacha alisema polepole. "Inaingia."

"Umewahi kunyonya maji kwenye chupa ya plastiki bila kuachia midomo?"

"Chupa inabonyea."

"Kwa sababu maji yametoka na hewa haikuingia kujaza nafasi. Tangi lako ni la chuma, halibonyei ovyo. Basi linayashikilia mafuta. Pampu inavuta, tangi linavuta, injini inakufa njaa juu ya chakula. Mlimani lori linakula mafuta mengi, kwa hiyo linachoka upesi. Ukilijaza mpaka juu, hewa iliyobaki ni kidogo, linachoka upesi zaidi. Ukipumzika, hewa kidogo inapenya, linawaka. Ndiyo hadithi yote." Aligeuza kifuniko na kuwaonyesha tundu dogo sana. "Hii ni pua ya tangi. Ni nzima. Nani kaifunika?"

Wote walitazama kofia ya mpira iliyokuwa inaning'inia kwenye kamba yake.

"Mimi," Mama Pacha alisema. "Nimeishona kwa mikono yangu."

Alimtazama mumewe. Zile siku zote alizokuwa akiogopa barazani, hatari aliyoiogopa ilikuwa imetoka kwenye cherehani yake. Alifikiri mumewe angekasirika, lakini mumewe alimshika mkono tu.

"Ulikuwa unatulinda," alisema.

Fundi Pole naye akasema, "Kulinda mafuta si kosa. Kosa ni kuziba pua. Tuweke chujio la chuma shingoni mwa tangi, mpira wa mwizi hauwezi kupita. Kufuli libaki. Ila tundu liwe wazi, na lisafishwe kila—"

"Shemeji!" Mama Pacha alipaza sauti.

"Shemeji gani?"

"Mbio! Nilimpa kofia jana. Leo analeta mchanga huku juu. Na vibarua huwa wanapanda juu ya mchanga!"

Baba Pacha alikuwa ameshatoa simu. Iliita, ikaita. Hakuna aliyepokea. Anapoendesha, Mbio hapokei simu. Hilo ndilo jambo pekee asilolifanyia haraka.

Mama Pacha hakungoja. Alibeba gogo na kukimbia kuteremka mlima. Nyuma yake Fundi Pole, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha, alikuwa anakimbia pia, ameshika upau mrefu na kupiga kelele, "Ubavuni! Mwanangu, ubavuni!"

Walilikuta lori kwenye kona ile ile. Lilikuwa linapanda na vibarua wanaimba juu ya mchanga. Baba Pacha, aliyekimbia nao, alisimama kando ya barabara akipunga shati lake. Mbio aliwaona, akacheka, akapiga honi.

"Kaka, mmeanza mazoezi?" alipiga kelele dirishani.

"Simama! Sogea upande wa mwamba!"

"Nini?"

Injini ikakohoa. Mama Pacha aliona kicheko kinatoka usoni mwa shemeji yake. Alijua kila kilichokuwa kinafuata.

"Usikanyagekanyage breki!" Baba Pacha aliita. "Kanyaga mara moja, shikilia! Vuta breki ya mkono! Kata usukani, kitako kiegemee mwamba!"

Lori likasimama, likaanza kurudi. Vibarua walinyamaza. Miguu ya Mama Pacha ilitaka kumpeleka nyuma ya tairi, maana huko ndiko alikokwenda mara ya kwanza. Aliikatalia. Alisimama ubavuni, akaweka gogo chini, na Fundi Pole akalisukuma kwa upau. Tairi likapanda, likakwama. Kitako cha lori kiligusa mwamba kwa kishindo kidogo. Mchanga ukamwagika.

"Shukeni wote!" alisema Mama Pacha. "Upande huu! Msipite nyuma!"

Walishuka wakigombania. Mmoja alibusu mwamba. Mama Pacha alichukua kisu cha kibarua, akakata kamba ya kofia, akalegeza kifuniko. Fyuuu, kila mtu alisikia. Baada ya muda Mbio alizungusha ufunguo na lori likawaka.

Mbio aliteremka. Alitazama korongo, akatazama kofia iliyokatwa. Kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka ya kusema.

"Shemeji, si ulisema hii ni ya wezi?"

"Nilikosea, shemeji. Nilishona bila kuuliza tangi linapumua wapi. Nisamehe."

Siku hiyo hiyo Fundi Pole alisafisha tundu la kila kifuniko, akaondoa mpira ulionywea na kuweka mpya. Alichungulia pia ndani ya matangi. Yalikuwa safi. Bi Harusi akashuka mlima, na kesho yake akapanda na matofali yake bila kukohoa. Utingo alirudi kazini, akidai kwamba alikuwa ameomba likizo tu.

Mama Pacha hakurudi kwenye cherehani upesi. Alikwenda maegesho ya malori na kwenda kwa dereva mmoja mmoja. Aliwaambia wazi kosa lake na kuzikata kofia zote. Aliwaonyesha tundu la kupumulia. Waliotaka ulinzi aliwapeleka kwa Fundi Pole kwa ajili ya chujio.

Ilibaki kofia moja. Mwenye nayo alikuwa dereva mzee aliyekuwa kwenye safari ya mbali, na simu yake haikupatikana. Kila gari la mbali lilipoingia maegesho, Mama Pacha alisimama. Hakula vizuri. Hatimaye lori la mzee liliingia, limejaa vumbi, na kofia ikiwa bado tangini.

Alimweleza yote. Mzee alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Yangu iache, binti. Imenisaidia sana. Tangu niivalishe, hakuna mwizi aliyenigusa."

"Na milimani, baba? Lori halisumbui?"

"Hapana, halisumbui. Huwa linazimika kidogo, halafu linawaka lenyewe."

Mzee akayasikia maneno yake mwenyewe. Akaugeukia mlango wa lori, ambako mkewe alikuwa anamteremsha mjukuu wao, mtoto bado amelala begani.

Mzee alitoa ufunguo wa kufuli mfukoni, akamkabidhi Mama Pacha.

"Kata," alisema. "Kata sasa hivi."